Klabu ya Skii ya Ishpeming

Klabu ya Skii ya Ishpeming ni klabu ya michezo ya theluji katika mji wa Ishpeming, jimbo la Michigan, kaskazini mwa Marekani. Ilianzishwa mwaka 1887 na wahamiaji kutoka nchi za Skandinavia. Ni kati ya klabu za skii za kale zaidi nchini Marekani ambazo zinaendelea na kazi hadi leo.

Klabu hiyo inajulikana hasa kwa mchezo wa kuruka kwa skii. Mashindano yake ya kwanza ya hadhara yalifanyika mwaka 1888. Tangu mwaka 1926 makao ya mashindano hayo ni kilima cha Suicide Hill, kilichopo kati ya Ishpeming na mji jirani wa Negaunee. Chama cha kitaifa cha skii cha Marekani kilianzishwa mjini Ishpeming mwaka 1905, na jumba la kumbukumbu la mchezo huo lipo mjini humo.

Ishpeming ni mji mdogo wa wachimba migodi, na klabu yake haikuwahi kuwa ya matajiri. Imedumu kwa sababu watoto walianza kuruka kwenye vilima vidogo, wakapanda hatua kwa hatua hadi kilima kikubwa, na walipozeeka wakarudi kuwafundisha wadogo wao na kutengeneza theluji ya mashindano bila malipo.

Mahali na watu

Ishpeming iko takriban kilomita 24 magharibi mwa mji wa Marquette, katika sehemu ya kaskazini ya Michigan inayoitwa Rasi ya Juu. Jina la mji limetokana na lugha ya Waojibwe, wenyeji asilia wa eneo hilo, na maana yake ni "mahali pa juu" au "mbinguni". Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi 6,000 na kidogo.

Upande wa kaskazini kuna Ziwa Superior. Wakati wa baridi upepo mkavu hupita juu ya ziwa, hubeba unyevu, na kuuangusha nchi kavu kama theluji. Kwa hiyo majira ya theluji huko ni marefu, kwa kawaida kuanzia Novemba hadi Aprili.

Mwaka 1844 wapima ardhi waliokuwa wakifanya kazi karibu na mahali ilipo Negaunee leo waliona sindano ya dira yao ikiyumba bila sababu. Sababu ilikuwa chini ya miguu yao: mawe yenye chuma kingi. Migodi ilifunguliwa, na katika miaka iliyofuata wafanyakazi walifika kutoka Cornwall ya Uingereza, Eire, Uswidi, Norwe, Ufini, Italia na Kanada. Kila kundi lilikuja na lugha yake, kanisa lake na michezo yake. Wanorwe walikuja na skii.

Skii ni mbao mbili ndefu na nyembamba zinazofungwa miguuni ili mtu aweze kutembea au kuteleza juu ya theluji bila kuzama. Mwanzoni hazikuwa mchezo bali usafiri: mtu alizivaa kwenda kazini, kuwinda au kumtembelea jirani wakati njia zimefunikwa.

Mchezo wa kuruka kwa skii

Mchezo huu ulikua nchini Norwe katika karne ya 19. Katika miaka ya 1860 Sondre Norheim, mkulima kutoka wilaya ya Telemark, alijulikana kwa kuruka mbali na kutua bila kutumia fimbo. Alitumia pia kamba za miguu zilizoshika kisigino, hivyo skii hazikumtoka alipokuwa hewani. Mwaka 1892 mashindano ya kwanza yalifanyika kwenye kilima cha Holmenkollen, karibu na Oslo, ambacho hadi leo ni kilima mashuhuri kuliko vyote katika mchezo huu.

Kilima cha kurukia kina sehemu nne:

1. Njia ya kasi. Ni mteremko mkali ambapo mrukaji huchuchumaa na kuteleza. Kwenye kilima kikubwa kasi yake hupita kilomita 80 kwa saa.

2. Ukingo. Ndipo njia ya kasi inapoishia. Watu wengi hudhani kwamba ukingo umeinuka na humtupa mrukaji juu. Kwa kweli unaelekea chini kidogo. Mrukaji mwenyewe ndiye anayejinyanyua kwa nguvu za miguu, na ana sehemu ndogo tu ya sekunde kufanya hivyo. Akiwahi au akichelewa, mruko umeharibika.

3. Mteremko wa kutua. Umechongwa ufuate njia ya mrukaji angani. Kwa hiyo, ingawa anasafiri makumi ya mita kwenda mbele, mara nyingi yuko mita chache tu juu ya theluji. Anapotua, mteremko humpokea kwa upole badala ya kumsimamisha ghafula.

4. Uwanja wa kusimamia. Ni sehemu tambarare ya chini, ambapo mrukaji hupunguza mwendo na watazamaji husimama.

Hatari kubwa iko mahali mteremko wa kutua unapoanza kulala. Anayeruka hadi huko hutua kama mtu aliyeanguka kutoka ghorofani. Kwa sababu hiyo kila kilima hupimwa na kupewa nukta K, yaani umbali kutoka ukingoni hadi mahali mteremko unapoanza kupungua ukali. Suicide Hill ni kilima cha daraja la mita 90, karibu urefu wa uwanja wa mpira wa miguu.

Nukta K hutumika pia kuhesabu alama. Mrukaji anayefika hapo hasa hupata alama 60. Kwenye kilima cha mita 90, kila mita ya ziada huongeza alama 2 na kila mita inayopungua huondoa alama 2. Waamuzi watano hutoa pia alama za mtindo, kila mmoja hadi 20. Alama ya juu kabisa na ya chini kabisa hufutwa, na tatu zinazobaki hujumlishwa.

Kwa mfano, mrukaji anafika mita 94. Alama zake za umbali ni 60 na 8, jumla 68. Waamuzi wanampa 17, 17.5, 18, 18 na 18.5. Zinafutwa 17 na 18.5, zinabaki 17.5, 18 na 18, jumla 53.5. Alama zake zote ni 121.5. Katika mashindano makubwa ya siku hizi huongezwa pia hesabu ya upepo na ya mahali mrukaji alipoanzia.

Alama za mtindo zina uzito. Anayetua vizuri, mguu mmoja ukiwa mbele ya mwingine na magoti yamekunjwa, anaweza kumshinda aliyeruka mbali zaidi lakini akayumba. Utuaji huo huitwa Telemark, kwa jina la wilaya ya Norheim.

Kuanzishwa kwa klabu

Mwaka 1887, miaka 5 kabla ya mashindano ya kwanza ya Holmenkollen, wahamiaji wa Ishpeming waliunda klabu yao. Mwaka uliofuata walifanya mashindano ya hadhara. Watu wa mataifa mengine waliokuwa mjini hawakuwahi kuona jambo kama hilo, na wengi walikwenda kutazama.

Vilima vya kwanza vilikuwa miteremko ya kawaida tu. Ukingo ulijengwa kwa mbao na theluji, na theluji ya kutulia ilishindiliwa kwa miguu na watu waliopanga safu na kupanda mteremko kwa kukanyaga upande upande. Kazi hiyo ilitangulia kila shindano, na waliokanyaga ndio hao hao walioruka baadaye.

Mchezo haukubaki wa Wanorwe peke yao kwa muda mrefu. Waswidi na Wafini, ambao nao walijua skii kwao, walijiunga, kisha watoto wa familia nyingine. Katika kizazi kimoja jambo lililoanza kama desturi ya kundi moja la wageni likawa la mji mzima.

Chama cha kitaifa

Mwanzoni mwa karne ya 20 klabu za skii zilikuwa zimeenea katika majimbo ya Michigan, Wisconsin na Minnesota. Kila moja ilikuwa na taratibu zake. Mshindi wa mji mmoja hakuweza kulinganishwa kwa haki na mshindi wa mji mwingine, kwa kuwa miruko haikupimwa wala kuhukumiwa kwa namna moja.

Tarehe 21 Februari 1905 wawakilishi wa klabu walikutana Ishpeming na kuanzisha chama cha kitaifa cha skii. Rais wake wa kwanza alikuwa Carl Tellefsen, mzaliwa wa Norwe aliyekuwa kiongozi wa klabu ya Ishpeming. Chama hicho ndicho chanzo cha shirika la sasa la U.S. Ski & Snowboard, lenye makao yake Park City, jimbo la Utah, ambalo husimamia timu za taifa za skii.

Kwa kukumbuka asili hiyo, mwaka 1954 jumba la kumbukumbu la skii la Marekani lilifunguliwa Ishpeming. Jengo linalotumika sasa ni la mwaka 1992, na paa lake limejengwa kwa umbo la kilima cha kurukia. Wanaoenziwa humo ni wanamichezo, makocha na wajenzi wa mchezo kutoka nchi nzima.

Kilima cha Suicide Hill

Katika miaka ya 1920 rekodi za mchezo zilikuwa zimepanda, na vilima vya zamani vya Ishpeming havikutosha tena. Klabu ilichagua mteremko mkubwa upande wa Negaunee. Ujenzi ulikamilika kwa wakati wa msimu wa baridi wa 1925–1926, na shindano la kwanza lilifanyika Februari 1926.

Jina la kilima humshtua anayelisikia mara ya kwanza, kwa kuwa maana yake ni "kilima cha kujiua". Halikutolewa na warukaji. Mrukaji mmoja wa klabu aliumia hapo katika siku za mwanzo, na mwandishi wa gazeti la eneo hilo akakipa kilima jina hilo katika habari zake. Watu walilishika, na halikubanduka tena. Linavuta watazamaji, lakini linapotosha maana ya mchezo: mrukaji anayefika juu ya kilima hiki amekwisha kuruka mara nyingi sana kwenye vilima vidogo kuliko hicho.

Mwaka huo huo mji ulikumbwa na msiba wa kweli, na haukutokea kilimani. Tarehe 3 Novemba 1926 maji na matope ya kinamasi yaliporomoka ndani ya mgodi wa Barnes-Hecker, karibu na Ishpeming. Watu 51 walikufa. Mmoja tu kati ya waliokuwa chini ya ardhi alinusurika, kwa kupanda ngazi hadi juu huku maji yakimfuata. Ni ajali mbaya kuliko zote katika historia ya migodi ya chuma ya Michigan. Ni vigumu kuuelewa mji huu, na wazazi waliowaruhusu watoto wao kuruka, bila kukumbuka ni kazi gani iliyowalisha.

Kutoka kilima kidogo hadi kikubwa

Kando ya kilima kikubwa kuna vilima vidogo vya mafunzo. Mtoto huanza kwenye kilima ambacho mruko wake ni wa mita chache tu. Hujifunza kwanza kuteleza akiwa amechuchumaa, kisha kutua, na hatimaye kujinyanyua ukingoni. Kocha anaporidhika, mtoto huhamia kilima kinachofuata.

Utaratibu huu ndio moyo wa desturi ya klabu, kwa sababu mbili. Kwanza, hupunguza hatari. Kwa kila kilima mwili hujifunza kasi mpya, lakini mwendo wenyewe ni ule ule. Pili, huwaweka pamoja watu wa rika mbalimbali. Kijana anayeruka kilima kikubwa hufanya mazoezi mahali pale pale alipo mtoto wa darasa la kwanza, na mtoto humwona kila siku.

Kazi ya kilimani hufanywa kwa kiasi kikubwa na wanaojitolea. Kuna wa kusawazisha theluji, wa kukagua ngazi na taa, wa kupima umbali na wa kuuza chai na chakula siku ya mashindano. Wengi wao ni warukaji wa zamani au wazazi wa warukaji.

Warukaji mashuhuri

Henry Hall, mzaliwa wa Ishpeming, aliweka rekodi ya dunia mwaka 1917 huko Steamboat Springs, jimbo la Colorado, kwa mruko wa futi 203, yaani takriban mita 62. Mwaka 1921 aliruka futi 229, karibu mita 70, huko Revelstoke, Kanada.

Familia inayotajwa kuliko zote ni ya Bietila, yenye asili ya Ufini. Ndugu sita wa kiume, Anselm, Leonard, Walter, Roy, Ralph na Paul, wote walikuwa warukaji, na magazeti yaliwaita "akina Bietila warukao". Walter alishiriki Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1936 nchini Ujerumani na ya mwaka 1948 nchini Uswisi. Ralph alikuwa katika timu za miaka ya 1948 na 1952. Paul, aliyetazamiwa kuwapita kaka zake, alianguka kwenye kilima huko Minnesota mwaka 1939 na kufa baada ya ajali hiyo. Ndugu zake waliendelea kuruka.

Joe Perrault, mrukaji mwingine wa Ishpeming, alikuwa pia katika timu ya Olimpiki ya mwaka 1948.

Siku zile warukaji walishika skii zao sambamba, wakainama kiunoni na kunyoosha mikono mbele. Kofia zao zilikuwa za sufu. Mtindo wa leo wa kutanua ncha za skii kama herufi V ulianzishwa na Mswidi Jan Boklöv katika miaka ya 1980. Mwanzoni waamuzi walimkata alama kwa kuwa haukupendeza machoni mwao, lakini ulimpeleka mbali zaidi, kwa sababu hewa hupata eneo kubwa zaidi la kusukuma kutoka chini. Siku hizi karibu kila mrukaji huutumia, na kofia ngumu ni lazima.

Wanawake

Kuruka kwa skii kulikuwa katika Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi, mwaka 1924, lakini kwa wanaume tu. Kwa miongo mingi ilidaiwa kwamba mchezo haufai kwa mwili wa mwanamke, dai ambalo halikuwa na ushahidi. Wanawake walipewa ubingwa wa dunia wa kwanza mwaka 2009, na mshindi alikuwa Mmarekani Lindsey Van. Waliruhusiwa katika Olimpiki mwaka 2014 huko Sochi, Urusi, miaka 90 baada ya wanaume.

Kwa klabu ndogo badiliko hilo lilikuwa na maana ya moja kwa moja. Msichana anayeanza kwenye kilima cha watoto sasa ana njia ile ile ya kupanda aliyo nayo kaka yake.

Changamoto

Kuruka kwa skii kumepungua sana nchini Marekani tangu katikati ya karne ya 20. Skii za kuteremka milimani zilipata wafuasi wengi zaidi, kwa kuwa mtu yeyote anaweza kulipa na kuteremka, ilhali kilima cha kurukia huhitaji miaka ya mafunzo. Baada ya mwaka 1980 mchezo uliondolewa katika mashindano ya kitaifa ya vyuo vikuu. Kabla ya hapo kijana wa mji kama Ishpeming aliweza kuendelea kuruka akiwa chuoni. Baadaye wengi walilazimika kuchagua kati ya masomo na mchezo.

Uchumi wa eneo nao umebadilika. Migodi mingi imefungwa, ukiwemo mgodi mkubwa wa Empire uliosimamisha uchimbaji mwaka 2016. Kazi zikipungua vijana huhama, na klabu inayotegemea kujitolea hupoteza watoto pamoja na wasaidizi wao. Bima na matengenezo ya kilima ni gharama za kila mwaka, theluji ije isije.

Hata hivyo klabu za aina hii bado zina nguvu kuliko ukubwa wake. Norge, klabu iliyoanzishwa mwaka 1905 katika mji mdogo wa Fox River Grove karibu na Chicago, ilitoa warukaji watatu wa timu ya Marekani katika Olimpiki ya mwaka 2018. Klabu za Ishpeming, Fox River Grove, Eau Claire, Westby na Minneapolis zimekuwa zikitembeleana kila msimu: mji mmoja huandaa mashindano wiki hii, na mwingine wiki ijayo. Bila klabu hizo timu ya taifa isingekuwa na mahali pengi pa kupata watoto wa umri wa miaka 6 au 7, ambao ndio umri wa kuanza.

Katika Rasi ya Juu ya Michigan vipo pia vilima vikubwa kuliko Suicide Hill: Pine Mountain katika mji wa Iron Mountain, na Copper Peak karibu na Ironwood. Copper Peak kilijengwa kwa ajili ya miruko mirefu sana, lakini hakijatumika kwa mashindano tangu mwaka 1994. Ukubwa wa kilima pekee hauwezi kudumisha mchezo. Suicide Hill, kilicho kidogo kuliko hivyo, kimeendelea kuwa na vilima vya watoto kando yake, na watu wa kuvikanyaga theluji.